Mitse wa Kwenye Blogu

Ukifika wakati wa kuchoma pilipili hoho, mtaa mzima wa nyuma ya soko la Strumitsa hunuka moshi. Nguo za kwenye kamba zinanuka, paka wananuka, hata mkate wa asubuhi una harufu ya ajvari, rojo la pilipili hizo, kabla hujaupaka chochote. Katikati ya moshi huo, mbele ya kiduka cha kahawa cha Fana, lipo benchi la kijani ambalo kila mwaka hupakwa rangi mpya juu ya uchafu wa zamani. Hapo ndipo kijiwe. Kukaa ni bure, ila ukikaa lazima useme neno, na ukisema lazima ubishiwe. Upande mmoja hukaa Trayche, aitwaye Balozi kwa sababu ujanani alipaka rangi uzio wa ubalozi mmoja kule mji mkuu, Skopye, na tangu siku hiyo hakuna siri ya serikali yoyote asiyoijua. Upande wa pili hukaa Blazhe, mstaafu wa reli, anayeagiza kahawa ya nusu sukari kisha anamalizia nusu nyingine kwenye kisahani cha jirani. Huyo ndiye Nusu-Sukari. Fana mwenyewe hakai. Husimama mlangoni na kisufuria chake cha mpini mrefu, anakoroga na kuchokoza. Na ng'ambo ya barabara anashona mapazia Pavlina, mjane mwenye miwani ya kamba, ambaye kijiwe kilimbatiza jina la Redio kwa kuwa lolote lisemwalo pale huishia kwenye blogu yake.

Asubuhi hiyo Redio alikuja mapema, na hakukaa.

— Mbona umesimama kama askari wa zamu? aliuliza Balozi. Keti, dada. Benchi halina miiba.

— Leo nina wageni, alisema Pavlina. Wasomaji wangu.

— Wasoma mita? Blazhe alishtuka. Si walipita juzi?

— Wa blogu, Blazhe. Wanatoka Australia. Wameshatua Skopye, wako njiani.

Kijiko cha Fana kikanyamaza ndani ya kisufuria.

Blogu hiyo ilikuwa imempandisha na kumshusha Pavlina mara nyingi kuliko ngazi za kanisani. Aliianza mwanawe Vancho alipokwenda Malta kufanya kazi hotelini. Vancho alimwambia, "Mama, usinitumie ujumbe mrefu hivyo, nachanganyikiwa. Fungua blogu, nitakuwa nasoma nikipata nafasi." Alisoma andiko la kwanza, akatuma kidole gumba, na tangu hapo hajapata nafasi. Pavlina akaendelea hivyo hivyo. Kila wiki aliandika yaliyosemwa kijiweni: nani kabisha nini, Mitse kamtukana nani, nani kaondoka kwa hasira, nani karudi kwa sababu kasahau kofia. Kuna siku aliona kuwa msomaji amepatikana, moyo ukamruka, kisha akakumbuka kuwa ni yeye mwenyewe kafungua kwa simu.

Halafu likaja balaa la sukari. Aliandika kwa utani kuhusu visahani vya Blazhe, mkewe Blazhe akasoma, na Blazhe akanywa kahawa chungu majira ya baridi yote. Mama yule hakumsalimia Pavlina hadi theluji ikayeyuka. Kabla jeraha halijapona, mtu asiyejulikana akaacha maoni chini ya andiko: "Bibi, nenda kashone." Lilimuuma zaidi kwa kuwa alipolisoma kweli alikuwa anashona. Akaifunga blogu. Ikakaa imefungwa hata akaanza kuamini kuwa haikuwahi kuwepo.

Ndipo siku moja ukaja ujumbe kutoka kwa mtu aitwaye Viktoriya, wa mji wa Perth. "Kwa nini kijiwe kimenyamaza? Baba anauliza, jino la Mitse limeshang'olewa?"

Pavlina aliusoma amesimama, akausoma amekaa, kisha akatoka nje kwenda kulitazama benchi kana kwamba halijui. Baba huyo aliitwa Kiro. Alizaliwa Strumitsa, akaondoka kijana, na sasa macho yake yalikuwa yamezimika. Kila andiko jipya binti yake alimsomea mezani baada ya chakula. Huyo binti alizaliwa huko huko na hakujua herufi za kwao. Alijifunza kusoma kwa blogu hiyo, na neno la kwanza alilolisoma bila kusaidiwa lilikuwa tusi la Mitse. Maneno yaliyosemwa mbele ya duka la Fana, watu wanatafuna mbegu za maboga na kutema maganda, yalikuwa yamevuka bahari na kumfundisha mtu mzima kusoma. Aliirudia kazi siku ile ile.

— Hebu nieleze, alisema Blazhe. Mtu yuko Australia, ana jua, ana bahari, ana kangaruu. Anatusikiliza sisi wa nini?

— Bei ya pilipili, alisema Fana. Wanataka kuijua kabla haijapanda.

— Akili ndogo hizo, Balozi akajiweka sawa. Sikilizeni. Australia iko chini ya dunia, si ndiyo? Neno nalo lina uzito wake. Ukilisema hapa, linazama. Linapita kwenye ardhi taratibu, linatokea upande wa pili. Wale hawatusomi, bwana. Sisi ndio tunawadondokea.

— Acha fiksi, Balozi.

— Fiksi? Nikiwa pale ubalozini...

— Kwenye uzio wa ubalozi.

— ...nilisikia kwa masikio yangu kwamba sauti haifi. Tulivyovisema hapa tangu benchi hili liwekwe, vyote vinazunguka huko juu, vinatafuta sikio. Siku moja vinalipata. Sikio la Mperth huyo limekaa sawasawa na benchi letu, basi. Wahenga walisema, sikio halizidi kichwa.

— Sasa hiyo methali imeingiaje hapo?

— Imeingia. Wewe ndiye hujaingia.

Fana aliinua uso kutazama anga juu ya moshi wa pilipili, na Blazhe naye akainua, na kwa kitambo wote wanne walikuwa wanatazama juu wakiwaza yote waliyowahi kusema.

— Basi na ile hadithi yako ya uzio bado inazunguka, alisema Fana. Mungu atunusuru.

Pavlina hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa aproni, akaivaa tena.

— Kuna jambo, alisema. Mzee Kiro ameandika kuwa anataka kukaa karibu na Mitse.

Hapo wote wakageuza macho. Kwenye nguzo ya umeme kando ya benchi lilikuwa limebandikwa tangazo la msiba lenye msalaba na picha ya Mitse wa zamani, mwenye nywele. Mitse Msumari, fundi baiskeli, mwenye ulimi uliotoboa kila aliyempitia, alilala usingizi baada ya Pasaka na hakuamka. Tangazo hilo lilikuwa la kutimiza nusu mwaka tangu afe, na gundi yake ilikuwa bado mbichi.

— Si umwambie amekufa? Blazhe alisema kwa sauti ya chini. Mbona hukuandika?

— Nilikaa niandike. Tulipotoka makaburini nilikaa. Nikaandika, "Mitse..." Nikataka kuandika "amefariki." Mkono ukaandika "amesema."

— Amesema nini?

— Kwamba mvua itanyesha.

— Na wiki iliyofuata?

— Amesema tena. Pavlina aliinamisha kichwa. Kila wiki amesema. Nyinyi hamsomi, kwa hiyo hamkujua.

Ilikuwa kweli. Blazhe aliapa kutoisoma blogu tangu siku ya sukari, Balozi alisoma palipotajwa jina lake tu, na Fana alikuwa anangoja miwani mipya toka mwaka juzi. Walitazamana. Pavlina alitarajia wamkemee, pengine Fana amwambie kuwa marehemu hachezewi. Badala yake Blazhe alisogea ukingoni mwa benchi, kofia mkononi kama aliye kanisani.

— Tusomee, alisema. Amesema nini mwezi huu?

Pavlina akatoa simu. Akasoma polepole: "Mitse anasema kuwa kwa miaka yote aliyokaa kijiweni, hajaona mtu mwenye moyo mweupe kama Blazhe."

— Amesema hivyo? Mitse? Hakuwahi kuniambia.

— We Blazhe, alisema Fana kwa upole, Mitse alikuita gunia la chumvi lililonyeshewa.

— Hiyo ilikuwa kabla. Watu hubadilika.

— Wakishakufa?

— Hasa wakishakufa, alisema Balozi, naye sauti yake ilikuwa imeshuka. Na mimi? Kuhusu mimi amesema nini?

— Kwamba huenda kweli uliingia ndani ya ubalozi.

Balozi akageuza uso kuelekea barabarani. Moshi ulimwingia machoni, au ndivyo alivyodai.

Kisha wote wakaanza kusema kwa pamoja, maana wageni walikuwa njiani na mzee wa watu alikuwa amesafiri nusu ya dunia.

— Tuseme amekwenda Vienna kutibiwa, alisema Fana.

— Atataka namba ya simu. Tuseme amekasirika na kijiwe, hatoki nyumbani.

— Atamfuata nyumbani!

— Subirini, alisema Balozi, macho yakang'aa. Mzee haoni, si ndiyo? Na sauti ya Mitse hajawahi kuisikia. Blazhe awe Mitse.

— Mimi?

— Utamtukana kidogo, utakohoa, utasema una jambo la haraka, utaondoka. Kwisha habari.

— Sijui kutukana mimi.

— Utajifunza. Samaki mkunje angali mbichi.

— Blazhe ni mbichi huyu? aliuliza Fana. Na binti je? Binti anaona. Picha hiyo hapo kwenye nguzo!

Balozi akainuka, akatoa funguo, akaanza kukwangua pembe ya tangazo. Fana alimpiga mkono kwa kijiko, kahawa ikamrukia kifuani.

— Thubutu! Umguse marehemu mbele yangu!

— Nataka kumsaidia Redio! Mficha maradhi kifo humuumbua!

— Sisi tunaficha kifo chenyewe, maradhi yatatuumbua? Keti chini!

Balozi akavua koti, akalitundika juu ya tangazo kwenye msumari wa nguzo, akaketi kwa heshima. Pavlina alitaka kusema hapana. Alitaka kusema atawaambia ukweli wakifika, asimame mbele yao aseme maneno mawili ambayo mkono wake ulikataa. Lakini gari jeupe lilikuwa limeshakunja kona ya soko, na lilikuja taratibu kama gari la mtu anayesoma namba za nyumba.

Alishuka kwanza mwanamke mpana, mikono imeiva kwa jua, akazunguka kumfungulia baba yake. Mzee Kiro alikuwa mdogo wa mwili, amevaa suti ya kijivu na kofia, fimbo nyeupe mkononi. Hakuuliza njia. Alisimama pale pale aliposhuka, akavuta moshi wa pilipili hadi ndani kabisa, akauzuia kifuani, na binti yake akamngoja bila kumgusa. Kisha akaja, fimbo inapapasa mawe ya barabara, mpaka ikagonga mguu wa benchi.

— Hili, alisema.

Alijiketisha kwa uangalifu, akapitisha viganja juu ya mbao, ukingo hadi ukingo, pale rangi ilipovimba na pale ilipobanduka. Fana alisahau kisufuria, kahawa ikafurika juu ya jiko.

— Fana, mzee akasema, imefurika.

Fana alijishika mdomo.

— Umenijuaje, mzee wangu?

— Redio aliandika kuwa ukiwa na wasiwasi hukorogi. Sijakusikia ukikoroga.

Balozi alipiga ishara ya msalaba. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshapanga na hakujua kupangua, alimsukuma Blazhe kwa kiwiko. Blazhe akakohoa. Uso ulikuwa umemwiva kama pilipili ya jikoni.

— Karibu, Kiro! alisema kwa nguvu isiyo yake. Karibu, we... we punda mzee wa Australia! Mimi ndiye Mitse!

Mzee Kiro alitega kichwa upande, kama anayesikiliza saa kama bado inatembea.

— Nusu-Sukari, alisema, kunywa kahawa yako, ndugu yangu. Itapoa.

Blazhe aliketi, akashika kikombe. Hakuna aliyecheka. Pavlina alisogea mbele, mikono ndani ya aproni.

— Mzee Kiro, mimi ndiye Pavlina. Kuna jambo sikuliandika. Mitse...

— Alikufa baada ya Pasaka, alisema mzee.

Upepo ulipeperusha moshi ukapita kati yao. Balozi ndiye aliyeuliza.

— Nani kakwambia? Ubalozi?

— Kaniambia yeye huyu. Mzee alielekeza fimbo alikosikia pumzi ya Pavlina. Mpaka Pasaka, Mitse alikuwa Mitse. Alikuita wewe Balozi mkate wa juzi. Alimwita daktari wa meno muuza misumari. Tulikuwa tunacheka hadi Viktoriya anashindwa kuendelea. Pasaka ikapita. Akasoma, "Mitse anasema mvua itanyesha." Basi. Hakumtukana mtu. Wiki ya pili, hakumtukana mtu. Wiki ya tatu akasema Fana anatengeneza kahawa nzuri.

— Ee Mungu wangu, alisema Fana. Alisema hivyo?

— Nikamwambia binti yangu, weka simu chini, mwanangu. Mitse amekufa. Tukawasha mshumaa.

— Mimi nilibisha, Viktoriya alisema. Alitamka pole pole, kila neno limenyooka, kama mtu anayesoma. Nilisema labda ametubu.

Pavlina aliketi mwisho wa benchi, mahali ambapo hakukaa mtu tangu masika. Alikuwa amejidhani mwerevu. Wiki baada ya wiki alimtilia marehemu maneno mdomoni, akichagua mazuri tu kwa kuwa mabaya aliona haya kumsingizia, akaamini amemfunika vizuri. Kumbe huko mbali, mezani, mzee asiyeona aliketi akiusikia msiba katika kila sentensi, na wiki iliyofuata akataka asomewe tena.

— Uliendelea kunisikiliza, alisema hatimaye. Ulijua, na ukaendelea.

— Nilijua unaomboleza. Mtu akiomboleza hakatizwi.

— Na kama ulijua, Blazhe aliuliza, mbona uliandika unataka kukaa karibu naye? Umekuja kumwona nani?

Mzee alimgeukia.

— Nikiwa mdogo hapa, alipokufa mtu mama yangu alinishika mkono tukaenda. Hatukutuma salamu. Tulikwenda, tukakaa. Mimi sikuwahi kumwona Mitse. Lakini amekula nami mezani miaka hii. Kule Perth kila mtu ananionea huruma, wananiita "mzee mpendwa," wananishika kiwiko. Aliyekuwa anatukana watu mbele yangu bila kunihurumia ni yeye tu. Nimekuja kukaa msibani.

Akavua kofia. Akanyoosha mkono hewani, ukangoja hadi Fana akaushika.

— Pole, Fana.

— Tumeshapoa, mzee wangu. Lakini Fana alikuwa analia wazi wazi, kisufuria mkononi.

— Pole, Blazhe. Pole, Balozi.

Balozi, ambaye hakuwahi kukosa la kusema mbele ya mtu yeyote, alishika mkono ule kwa mikono yake yote miwili na akakosa. Kisha akaenda kwenye nguzo, akaliondoa koti lake juu ya tangazo, akaipangusa picha vumbi kwa kiganja.

— Pole, Pavlina. Wewe zaidi. Wewe ulifiwa peke yako.

Hilo ndilo lililomvunja. Vancho hajasoma, jirani wamemnunia, mtu asiye na jina amemwambia akashone. Yote hayo aliyabeba. Neno hilo moja hakuweza kulibeba. Alilia ameinamia magoti, na Viktoriya, aliyejifunzia kusoma kwake, akamweka mkono mgongoni.

Fana akapika kahawa upya. Wakala mkate na pilipili zilizotoka motoni, ngozi zimebanduliwa kwa vidole. Mzee alitaka kujua kila kitu ambacho hakikuandikwa: karakana ya Mitse ilikuwa upande gani, alikuwa mrefu au mfupi, alivaa nini. Wakamjibu wakibishana, kama ada ya kijiwe. Balozi alisema mrefu, Blazhe akasema alikuwa amenyooka tu. Ilikuwa raha. Jua lilipanda juu ya paa la soko, wauza hoho wakaanza kufunga magunia.

— Jambo moja tu, alisema mzee Kiro. Kila alipotukana mtu, Redio, ulikuwa unaandika, "Mitse akacheka." Nami nikawa najaribu kumsikia. Alikuwa anacheka vipi?

— Aa, hilo dogo, alisema Balozi. Akavuta pumzi, akatoa mlio kama wa mlango mkavu.

— Si hivyo, alisema Fana. Alikuwa anaanzia huku puani. Akajaribu, akaishia kupiga chafya.

Blazhe alitikisa tumbo, he-he-he, akakatiza katikati.

— Hapana, alisema. Huyu ni mimi.

Wakamgeukia Pavlina, kwa kuwa ndiye aliyeweka kumbukumbu ya kila kitu. Alifumba macho. Aliyaona maneno yote, aliiona baiskeli iliyopinduliwa, mkono mweusi wa grisi uliojifuta kwenye suruali. Aliona mdomo wa Mitse ukifunguka.

— Nilikuwa nimeinama, mzee Kiro, alisema. Alipokuwa anacheka mimi nilikuwa naandika.

Mzee akatikisa kichwa taratibu, lakini hakuligeuza sikio lake. Alibaki amelitega kuwaelekea, fimbo kati ya magoti, anangoja. Na Balozi akavuta pumzi ajaribu tena.